Kibuyu cha Mama

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1969, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kwenye bwalo la shule.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu kwa muda wa nusu saa. Katibu aliniandikia nichague jambo ambalo mzee atalielewa na kijana hatalilalia. Nikafikiri sana, nikaona kwamba kuna kitu kimoja tu ambacho kila aliyesoma hapa, awe mkurugenzi au mwenye duka, anakijua barabara: maharage ya bwalo. Sisi wa miaka ile tuliyala siku sita kwa juma. Siku ya saba tulipewa makande, ambayo, kama mjuavyo, ni maharage yale yale yaliyotembelewa na mahindi. Tulichambua wadudu kwa mwanga wa taa ya chemli, na wengine wetu tukaona heri kuizima taa.

Basi sikuwajua, nikila maharage yale kwa manung'uniko, kwamba ningekula pia mshahara wao kwa miaka thelathini na zaidi. Kazi yangu imekuwa ni mazao ya jamii ya mikunde: maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, njugu mawe na ndugu zao. Na katika hayo swali langu limekuwa moja: kwa nini mvua ikikatika, mche mmoja hufa na jirani yake hupona? Ni swali dogo kulisema, lakini limewashinda watu wenye akili kuliko mimi. Leo nitawaeleza tulipofikia. Lakini kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonitia katika kazi hii.

Baada ya shule nilisomea kilimo kwa miaka miwili, nikawa bwana shamba. Nilipangiwa kazi Ugogo, karibu na kijiji nilichozaliwa. Wale wa huko mnaijua nchi yetu. Mvua ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, zaanza Desemba na kwisha Aprili, na katikati, mara nyingi Februari, mbingu hufunga kama mwenye duka aliyekwenda msibani, hujui atarudi lini.

Mama alikuwa na kibuyu cha mbegu za kunde. Alizichanganya na majivu ili fukusi wasiingie, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi, akakitundika juu ya meko. Ukimimina kibuyu kile unga wa majivu ukitulia, ulikuwa ukiona kunde za kila namna: nyeupe zenye jicho jeusi, nyekundu ndogo, nyeusi tupu, za madoadoa kama kanga, za rangi ya udongo. Mimi na dada zangu tulizihesabu utotoni tukapata aina saba. Mama alizipanda zote pamoja, bila mstari. Nyingine ziliiva mapema, nyingine zilitambaa ovyo hadi Mei, na majani tulikuwa tukichuma tangu Januari kwa mboga.

Nilipokuja na cheti changu, kibuyu kile kilinitia haya. Nilikuwa nimefundishwa kwamba shamba la mtu aliyeendelea hufanana tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaleta mbegu mpya kutoka kituo kimoja. Zilikuwa mbegu nzuri kweli, sizisingizii: mche umesimama, hautambai, maganda yote juu, yanaiva pamoja kwa siku zisizozidi 75. Msimu wa kwanza mvua ilikuwa njema, zikashinda za mama mbali. Nikatembea kijijini kifua mbele. Mwaka wa pili, msimu wa 1973/74, nikamshauri mama apande mpya peke yake. Zile za kibuyu tukazipika. Nilizila mwenyewe, tena kwa raha.

Wazee wenzangu wanaukumbuka msimu ule. Ndio uliotuletea njaa, na serikali ikaagiza chakula kutoka ng'ambo, na baadaye tukaambiwa kilimo ni cha kufa na kupona. Kwetu mvua ilikatika katika wiki ile ile kunde zangu zilipochanua. Shamba zima lilichanua pamoja, likadondosha maua pamoja. Mvua iliporudi mwezi Machi, miche ilikuwa imekwisha kufunga hesabu zake. Haikuwa na ua la pili la kutoa. Kwa jirani yetu mmoja ambaye hakunisikiliza, mama mmoja mkaidi wa heri, zile kunde zitambaazo zilikuwa zimesinyaa lakini hazikufa. Mvua iliporudi zikatoa maua mapya, na mwezi Mei alivuna debe moja na zaidi.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, zile nyingine zingengoja." Kisha akaniuliza swali ambalo cheti changu hakikuwa na jibu lake: "Hizi zako, zote ni mmoja?"

Ndugu zangu, swali lile ndilo elimu yote ya urithi wa mimea. Mwaka 1903 mtaalamu wa Denmark, Wilhelm Johannsen, alijiuliza jambo hilo hilo, na alitumia maharage. Alichukua maharage yaliyochanganyika, makubwa kwa madogo, akaanza na mbegu 19, kila moja akaizalisha peke yake. Maharage hujichavusha yenyewe, ndani ya ua lake, kwa hiyo watoto wa mbegu moja ni ukoo mmoja usiochanganyika na mwingine. Akaona hivi: ukichagua kati ya koo mbalimbali, uchaguzi unafanya kazi, ukoo wa punje nzito huzaa nzito, na wa nyepesi huzaa nyepesi. Lakini ukichagua ndani ya ukoo mmoja, punje nzito na punje nyepesi huzaa watoto wa uzito ule ule. Tofauti iliyoonekana ilitokana na udongo na nafasi tu, haikurithiwa. Mwaka 1909 Johannsen huyo ndiye aliyelipa jina lile tunaloliita siku hizi jeni, chembe ya urithi.

Vijana wa sayansi, shikeni hapo. Maana yake ni kwamba mchaguzi wa mbegu haumbi kitu. Yeye huchagua tu. Pasipo tofauti hakuna cha kuchagua, hata ukichagua miaka mia. Kibuyu cha mama kilikuwa na angalau koo saba. Shamba langu la kisasa lilikuwa na ukoo mmoja. Na ukoo mmoja una bahati moja.

Sasa tuje kwenye ukame wenyewe. Mtu husema, "Leteni mbegu inayostahimili ukame," kana kwamba ukame ni mtu mmoja mwenye kitambulisho. Kuna ukame wa mwanzo, mbegu ikichipua na kukauka. Kuna wa katikati, kama ule wa Februari. Kuna wa mwisho, mvua ikiaga kabla punje hazijajaa. Na mimea ya jamii ya mikunde imejifunza njia mbalimbali za kupambana nao. Nitataja nne, na kwa kila njia nitataja gharama yake, maana hakuna ya bure.

Njia ya kwanza ni kukimbia. Mche unaiva kabla ukame haujafika. Ziko kunde zinazoiva kwa siku 60 tu. Ndugu zetu wa Kenya wana harage waliloliita Mwezi Moja, na jina lenyewe linaonyesha sifa yake, ingawa mwezi huo una siku nyingi kidogo. Kwa ukame wa mwisho njia hii ni dawa. Lakini mkimbiaji hana muda wa kukusanya mali. Mwaka wa mvua nzuri atakupa kidogo kuliko mwenzake mpole. Na ukame ukimkuta njiani, katikati ya maua, kama ulivyonikuta mimi, hana pa kukimbilia.

Njia ya pili ni kuchimba. Bingwa wake ni mbaazi. Mkulima wa Babati au wa Lindi huzipanda pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa, mvua huisha, nazo mbaazi zimesimama kijani, zachanua wakati wa kiangazi kwa maji yaliyobaki chini ambayo mizizi ya mahindi haikuyafikia. Dengu nazo, mnaotoka Kanda ya Ziwa mnajua, hupandwa mwishoni mwa mvua kwenye udongo mweusi wa mbugani, zikaishi kwa unyevu uliobaki. Lakini dengu zote si sawa. Huko India, kwenye taasisi ya ICRISAT karibu na Hyderabad, iko dengu iitwayo ICC 4958, ambayo mizizi yake ni mingi na huenda chini upesi. Watafiti walitafuta kipande cha urithi wake kinachohusika na sifa hiyo, wakakihamishia katika dengu ambazo wakulima tayari wanazipenda. Mwaka 2019 nchi ya Ethiopia ilitoa kwa wakulima dengu iitwayo Geletu iliyopatikana kwa njia hiyo. Gharama yake? Mzizi hula chakula ambacho kingekwenda kwenye punje. Na penye mwamba karibu, au pasipo na maji chini, mchimbaji hufa amechoka.

Njia ya tatu ni kuvumilia, yaani kukaa na kiu bila kufa. Hapa nitawasimulia jaribio moja zuri, maana hata ninyi mnaweza kulifanya. Kunde asili yake ni bara letu la Afrika, na mkusanyo mkubwa wa mbegu zake, aina elfu nyingi, umo katika taasisi ya kilimo ya IITA huko Ibadan, Nigeria. Watafiti wa taasisi hiyo walitaka kujua kunde ipi ni mvumilivu kweli na ipi ina mizizi mirefu tu. Wakatengeneza masanduku ya mbao yenye kina cha sentimita 15, wakatia udongo na mchanga, wakapanda mistari ya kunde mbalimbali. Ndani ya sanduku mwenye mizizi mirefu hana pa kuipeleka. Wote ni sawa. Wakamwagilia mpaka jani la kwanza la vipande vitatu lilipoanza kutokeza, kisha wakaacha kabisa, wakahesabu siku.

Walichokieleza mwaka 1999 ni cha ajabu. Kunde dhaifu zilikufa upesi. Lakini zile imara zilikuwa za tabia mbili. Tabia ya kwanza, kama ya kunde iliyoandikishwa TVu 11986, ni kusimamisha kila kitu: mche hauoti tena, hautoi jani, unabana maji yake mwili mzima kwa pamoja, na ukifa unakufa wote kwa pamoja, polepole. Tabia ya pili, iliyoonekana katika kunde za wenyeji wa Nigeria ziitwazo Dan Ila na Kanannado, ni kutoa kafara. Majani ya chini yanakauka na kuanguka moja baada ya jingine, maji yanapelekwa kwenye ncha, na ncha inabaki hai. Mvua ikirudi, ncha hiyo inaanza upya. Mimi niliposoma habari hiyo nilinyamaza kwa muda. Niliona shamba la yule jirani yetu wa mwaka 1974, majani ya chini yametapakaa ardhini kama njugu zilizomwagika, na juu kijani kidogo kinangoja.

Njia ya nne haionekani kwa macho, nayo ni kuhamisha akiba. Hii tumejifunza zaidi katika maharage. Upo mche ambao wakati wa ukame unabaki kijani na majani tele. Mgeni akija anausifu. Ufungue maganda: matupu, au punje moja iliyonyauka. Mche huo ni kama tajiri aliyekufa na njaa akiwa na fedha ardhini. Upo mwingine unaonekana umechakaa, umenjano, lakini ulichokuwa nacho katika shina na majani umekitoa wote, ukakipeleka kwenye maganda, na kutoka ganda kwenye punje. Watafiti wa maharage wa kituo cha CIAT, karibu na mji wa Cali huko Kolombia, wameona kwamba uhodari huo wa kuhamisha ni miongoni mwa mambo makubwa yanayotenganisha harage linalozaa katika ukame na lile linalojionyesha tu. Kwa hiyo, vijana, msihukumu mche kwa majani. Nanyi wazee, mnajua methali hiyo yahusu na watu pia.

Sasa mtu ataniuliza: ikiwa njia hizi zinajulikana, kwa nini msiziweke zote nne katika mbegu moja, tukamaliza? Swali zuri. Jibu lake linaanza na mmea mwingine wa jamii hii hii. Mnafundishwa habari za Mendel, yule mtawa aliyepanda njegere kati ya 1856 na 1863. Mendel alichagua mambo yanayoamuliwa na jozi moja ya chembe za urithi: ua zambarau au jeupe, punje laini au ya makunyanzi. Hapo hesabu inatoka safi, tatu kwa moja. Lakini kustahimili ukame hakuamuliwi na jozi moja. Ni chembe nyingi, kila moja na mchango wake mdogo: hii ya mzizi, hii ya saa ya kuchanua, hii ya kufunga vile vitundu vya majani yanakotokea maji, hii ya kusafirisha sukari. Isitoshe, nyingine hugombana. Mche unaofunga vitundu mapema huokoa maji, lakini kwa mlango huo huo hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii. Nimeona mwenyewe mbegu ikiwa ya kwanza katika kituo kimoja na ya tisa katika kingine, mwaka ule ule. Ndiyo sababu tunapanda mahali pengi, miaka mingi, kila aina kwa marudio, na nusu ya vijaruba tunamwagilia na nusu tunavinyima, ili tujue kilichorithiwa ni kipi na kilicholetwa na udongo ni kipi. Johannsen bado anatusimamia kama mwalimu wa zamu.

Ni kweli siku hizi kuna msaada mkubwa. Maandishi yote ya urithi wa dengu yalisomwa mwaka 2013, ya maharage 2014, ya kunde 2019. Mtafiti kijana hupima kipande cha jani maabarani akajua mche umebeba nini kabla haujachanua. Sisi tulingoja mavuno, na mara nyingine mbuzi walivuna kabla yetu. Lakini mashine ile inasoma kilichopo tu. Ukoo uliokwisha kuliwa hausomeki.

Na tofauti ni kubwa kuliko tunavyodhani. Chukueni maharage. Si mwenyeji wa Afrika. Yalivuka bahari kutoka Amerika katika zama za Wareno. Huko kwao yalianza kulimwa mahali pawili mbalimbali: milima ya Andes, na nchi za Meksiko na jirani zake. Ni kama ndugu waliolelewa na shangazi wawili wasiojuana. Haya makubwa tunayoyapenda Afrika Mashariki, mekundu na ya michirizi, mengi ni ya upande wa Andes. Lakini katika mambo ya ukame hazina kubwa iko kwa wale wadogo wa nyanda kavu za Meksiko. Mwitemania ya Kenya, ile ya madoa ya kahawia inayosifiwa katika sehemu kame, ni ya ukoo huo. Na yuko binamu wa mbali zaidi, harage la jangwani liitwalo tepari, la kaskazini ya Meksiko na kusini magharibi ya Marekani, linalostahimili joto na kiu kuliko maharage yetu yote. Ukiyapandanisha, kijusi cha mbegu hufa ndani ya ganda. Inabidi kukitoa kikiwa kichanga na kukilea kwenye chupa. Taabu yote hiyo ni kwa sababu ya tofauti iliyotunzwa na wakulima wa jangwani ambao hawakujua kwamba tungewahitaji.

Msidhani kujua tofauti ni kazi ya wenye makoti meupe peke yao. Nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walifanya jambo ambalo mimi mwaka 1972 nisingaliliota. Waliwaita akina mama wanaosifika vijijini kwa kujua maharage, wakawapeleka kituo cha Rubona, wakawaambia, "Chagueni ninyi." Akina mama wale, waliozoea kupanda maharage ya mchanganyiko, wa kupanda migombani mbali na wa kupanda shamba la wazi mbali, walichagua kwa sababu zao, na waliyoyachagua yalifanya vizuri mashambani mwao. Mimi nilimpita mtaalamu wa namna hiyo kila asubuhi akipuliza moto, nikaenda kutafuta utaalamu kwa basi.

Na wako watu walioona mbegu ni kitu cha kufia. Mrusi Nikolai Vavilov alizunguka dunia akikusanya mbegu, akazihifadhi katika mji wa Leningrad. Mji huo ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, na watu kwa mamia ya maelfu wakafa kwa njaa. Watunzaji wa mbegu zile walikuwa wamezungukwa na magunia ya mpunga, nafaka na mikunde. Hawakuzila. Kadhaa wao walikufa njaa humo humo ndani, mmoja mtunzaji wa karanga, mwingine mtunzaji wa mpunga. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943, kafungwa na serikali yake mwenyewe. Nikilinganisha nao, mimi nilikula kunde za mama nikiwa nimeshiba.

Baada ya msimu ule niliomba ruhusa nikarudi darasani, Morogoro, na maisha yangu yaliyobaki nimekuwa mokota mbegu. Nilipopata nafasi nilirudi vijiji vya kwetu kuzitafuta zile saba. Nilikwenda kwa yule mama mkaidi. Akanicheka kwanza, kisha akanipa mbili. Ya tatu nilipata kwa shangazi. Ya nne, ile ya madoa ya kanga, niliipata sokoni kwa bahati, kwa bibi mmoja aliyekuwa akiiuza kwa kibaba. Tatu sikuzipata. Ile nyeusi tupu, ambayo mama alisema huchelewa kuliko zote lakini haijawahi kumnyima, nimeitafuta mpaka nilipostaafu. Huenda iko mahali. Huenda nilikula ya mwisho. Sijui ilikuwa na tabia ya kwanza ya sanduku au ya pili, au ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe: hasara ya namna hii haina hata jina, kwa kuwa hujui ulichopoteza.

Lakini mtu asitoke hapa akisema mzee amekataza mbegu bora. Hapana. Ningekuwa mwongo. Mbegu bora zimelisha watu, na mimi nimekula mshahara wa kuzitafuta. Kosa langu halikuwa kuleta mpya; kosa lilikuwa kukimimina kibuyu. Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mkulima mwenye hekima hupanda mpya penye matumaini, na ya zamani mstari kadhaa pembeni, hata kama ni ya kutunza jina tu. Na taifa lenye hekima hufanya hivyo kwa akiba yake: tuna kituo chetu cha kuhifadhi mbegu huko Arusha, na dunia ina ghala lake ndani ya mlima wa barafu wa Svalbard, Norwei, lililofunguliwa mwaka 2008. Lakini mbegu iliyo kwenye baridi imelala. Haijifunzi mvua za sasa. Ile iliyo shambani iko kazini kila mwaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mwalimu Mkuu, nina ombi, na nimekuja nalo mkononi. Hizi chupa nne ni zile kunde nne. Natoa kwa shule. Naomba kipande kidogo cha shamba la shule, hata hatua ishirini kwa ishirini, pale nyuma ya bweni la pili tulipokuwa tukipewa adhabu ya kung'oa visiki. Na kwenu vijana: mkienda likizo, kila mmoja arudi na konzi moja ya mbegu za mikunde za kwao. Si za dukani. Mwulizeni bibi, mwulizeni shangazi: inaitwaje, inaiva lini, mwaka wa ukame ilifanyaje, yeye aliipata kwa nani. Andikeni majibu siku hiyo hiyo, kwa maneno yake, maana konzi isiyo na habari ni mboga tu. Kisha fundi wa shule awatengenezee sanduku la mbao la kina cha sentimita 15. Pandeni, mwagilieni, acheni, hesabuni siku. Hamhitaji maabara. Mnahitaji daftari na uvumilivu.

Na wazee wenzangu, mlioniangalia kwa huruma nilipotaja shamba: tunachangishana leo kwa ajili ya rangi ya bwalo na mabati ya bweni, na ni jambo jema. Naomba tutenge kidogo kwa sanduku, ua na daftari. Lakini zaidi ya fedha, wengi wenu bado mna mama au dada vijijini mwenye kibuyu juu ya meko. Mwendapo Krismasi au Idi na magari yenu, msimpelekee tu sukari na khanga. Kaeni naye, mkimimine kibuyu chini kwenye ungo, mhesabu pamoja. Kisha kirudisheni chote ndani.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha, na nasikia harufu kutoka jikoni. Nimeuliza, nimeambiwa ni maharage. Safari hii nitayatazama kwa heshima kabla ya kuyala.